Mchagua mbegu ndiye mkulima: nyanya za kilimo hai na mizani yake

Fika Soko la Kilombero jijini Arusha alfajiri, matenga ya nyanya yakiwa yanashushwa, umtazame mnunuzi mzoefu akifanya kazi yake. Haulizi jina la mbegu. Anachomoa nyanya moja katikati ya tenga, anaiminya kwa kidole gumba karibu na kikonyo, anaigeuza kutazama kitako, kisha anairudisha. “Mama, hii itafika Dar?” ndilo swali lake la pekee. Ikiwa ngumu ataipakia. Ikibonyea itabaki hapo hapo mjini, na kufikia jioni itakuwa imeingia kwenye fungu la masalo.

Sokoni hapo ni nadra kusikia mtu akiuliza nyanya ilipuliziwa nini shambani. Ni nadra zaidi kusikia mtu akiuliza kwa nini mkulima alichagua mbegu ile na kuiacha nyingine. Makala haya yanauliza swali hilo la pili, kwa sababu ndani yake mna jibu la lile la kwanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye jembe walisema kweli. Kwenye mbegu ya nyanya, hasa kwa aliyeamua kulima bila sumu za viwandani na bila mbolea za chumvichumvi, mambo yamegeuka: mchagua mbegu ndiye mkulima. Anayetumia dawa za dukani akikosea aina, anaweza kuliburuta kosa lake hadi mavuno kwa bomba la mgongoni. Wa kilimo hai hana bomba hilo. Ana mboji, matandazo, mwarobaini, mzunguko wa mazao na macho yake. Kinga nyingine yote lazima iwe imekuja ndani ya mbegu.

Sheria za mchezo

Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, na mazao yaliyokaguliwa kwa kiwango hicho huweza kubeba alama ya Kilimohai. Kiwango hicho kinakataza viuatilifu na mbolea za kutengenezwa viwandani, na kinakataza mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mbegu chotara hakizikatazi. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochavushwa kwa makusudi, na mkulima wa kilimo hai anaruhusiwa kumpanda. Tatizo la chotara ni kwamba mbegu utakazokamua kwenye tunda lake hazitakupa mimea inayofanana na mama yao. Kila msimu inabidi urudi dukani.

Kwa hiyo uwanja uko wazi. Mbegu za kawaida zinazoweza kurudiwa zimo, chotara zimo, za zamani zimo na mpya zimo. Kazi ni kuzipima, na kuzipima katika mazingira zitakamoishi.

Kila mbegu na kwao

Mbegu ya nyanya hubeba kumbukumbu ya mahali ilipotengenezwa. Money Maker ililelewa kwenye nyumba za vioo za Uingereza. Ni nyanya ndefu, inapanda kamba mradi unaikata vichipukizi, inazaa vichane vya matunda mviringo yenye majimaji na ladha nzuri. Huko kwao ilikingwa na mvua. Huku kwetu ikikutana na ukame wa wiki mbili kisha mvua ya ghafla, ganda lake jembamba hupasuka. Kinga dhidi ya minyauko ya udongoni haina.

Marglobe ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925, wakati mnyauko fusari ulipokuwa ukiteketeza mashamba ya huko, na sifa yake kubwa ilikuwa kuustahimili mnyauko huo. Roma na Rio Grande ni nyanya za nyama nyingi na maji machache, zinazofaa kupika na kusindika. Cal J, kama jina linavyodokeza, ina damu ya California, ambako nyanya za kiwandani zilichaguliwa ziwe fupi, ngumu, na ziive kwa mkupuo ili zivunwe kwa mashine. Kwa mkulima anayeuza kwa tenga, kuiva kwa mkupuo ni neema: gari linajaa kwa siku moja. Kwa mama anayechuma sado moja kila siku apeleke gengeni, ni hasara, kwa sababu wiki mbili ana nyanya za kumwaga, na wiki ya tatu mikono mitupu.

Kisha kuna watoto wa nyumbani. Mwaka 1997, kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Tengeru, kikishirikiana na Kituo cha Mboga Duniani chenye makao makuu Taiwan na tawi lake hapo hapo Arusha, kilitoa aina mbili: Tanya na Tengeru 97. Zote mbili ni mbegu za kawaida, zinarudiwa. Tanya ni fupi, ngumu, ganda nene, inakaa muda mrefu baada ya kuchumwa. Tengeru 97 ilichaguliwa kwa kustahimili mnyauko fusari, batobato ya nyanya na minyoo fundo. Zilikuja kuipokea kazi Money Maker, na wakulima wa Kaskazini walizipokea haraka kwa sababu zilijibu mambo mawili yaliyokuwa yakiwaumiza: udongo uliochoka kwa magonjwa na barabara ndefu ya kwenda sokoni.

Herufi ndogo zenye maneno makubwa

Chukua pakiti ya mbegu uisome kama unavyosoma karatasi ya dawa. Mara nyingi baada ya jina utaona herufi: Roma VF, kwa mfano. Herufi V ni kinga dhidi ya mnyauko wa vertisili, F dhidi ya mnyauko wa fusari, na N, ikiwapo, dhidi ya minyoo fundo. Herufi ndefu zaidi, TYLCV, ni kinga dhidi ya virusi vya jani manjano la kujikunja, ule ugonjwa ambao mitaani unaitwa rasta kwa jinsi majani yanavyosokotana na kudumaa. Virusi hivyo husambazwa na inzi weupe.

Kwa mkulima wa dawa, herufi hizi ni nyongeza. Kwa wa kilimo hai ni uti wa mgongo. Fusari na minyoo fundo hukaa udongoni miaka mingi na havina dawa ya asili ya kuviondoa kwa msimu mmoja. Rasta ikishaingia kwenye mmea, hakuna maji ya mwarobaini yatakayoitoa. Hapa chotara kadhaa za kisasa, kama Assila, zinazizidi mbegu zetu za kawaida, kwa kuwa zilitengenezwa zikiwa na ustahimilivu wa rasta. Tanya, Tengeru 97, Cal J na Money Maker hazina. Anayelima Pwani au Zanzibar, ambako nyanya huitwa tungule na joto huwazalisha inzi weupe mwaka mzima, ana sababu nzuri ya kuigharimia chotara yenye kinga hiyo. Anayelima kwenye baridi ya milimani, ambako inzi hao ni wachache, anaweza kuwa ananunua kinga asiyoihitaji.

Adui hubadilika na mwinuko

Ndiyo maana orodha ya “nyanya bora” isiyotaja mahali haifai kitu. Mgeta kwenye Milima ya Uluguru, Lushoto, na miteremko ya Meru, adui wa masika ni baka jani chelewa. Linapenda ubaridi na unyevu. Asubuhi unakuta majani yana madoa ya kijivu kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na ukiligeuza jani unaona utando mweupe kama unga. Ndani ya siku chache shamba zima huwa limeungua. Ni kimelea kile kile kilicholeta njaa kuu ya viazi nchini Ireland kuanzia 1845. Katika hali hiyo nyanya ndefu iliyofungwa kamba, iliyopunguzwa majani ya chini na kupandwa kwa nafasi, hukauka umande mapema na kuishi kuliko nyanya fupi iliyojaa majani ikigusa ardhi, hata kama hiyo fupi ina herufi nyingi kwenye pakiti. Hapo umbo la mmea nalo ni kinga.

Shuka sasa hadi bondeni kwenye joto. Huko adui ni mnyauko bakteria. Mmea unalala mchana ukiwa bado wa kijani kibichi, majani hayajapata hata unjano, na kesho yake hauamki. Mkulima anadhani ni kiu, anamwagilia, na maji hayo yanawapeleka bakteria kwa jirani. Kuna kipimo kisichogharimu kitu ambacho kila mkulima wa nyanya angepaswa kukijua. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kining’inize kwenye glasi ya maji masafi, ncha iliyokatwa ikigusa maji tu. Subiri dakika chache bila kuitikisa glasi. Kama ni bakteria, utaona uzi mweupe, mwembamba kama moshi, ukishuka kutoka kwenye shina na kuyafanya maji yawe kama ya mchele. Kama ni fusari, maji yatabaki masafi. Ukilipasua shina hilo kwa urefu utaona mistari ya kahawia ndani, na mara nyingi majani ya chini yatakuwa yameanza kugeuka manjano, pengine upande mmoja tu.

Glasi hiyo ndiyo inayokwambia ununue mbegu gani. Ukiwa na fusari, Tengeru 97 ni jibu la busara. Ukiwa na bakteria, herufi F haitakusaidia. Itakubidi uhamie shamba jingine, upumzishe hilo kwa mahindi au mazao mengine ya jamii ya nyasi, au ubebeshe: uchukue kichwa cha nyanya unayoipenda ukipachike juu ya mzizi wa bilinganya linalostahimili. Kituo cha Mboga Duniani kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi, kwa kutumia bilinganya lijulikanalo kama EG203. Inataka mkono mtulivu na siku kadhaa za kivuli na unyevu kwa miche, lakini haitaki tone la sumu.

Kuna adui mmoja asiyejali mwinuko wala herufi. Kantangaze, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliingia Kenya na Tanzania mwaka 2014. Funza wake huchimba ndani ya jani, akila nyama na kuacha ngozi mbili nyembamba. Liinue jani dhidi ya jua utamwona amelala humo kama kivuli, na kinyesi chake cheusi pembeni. Katika mbegu zilizozoeleka madukani, hakuna unayoweza kuipanda ukasema imemaliza habari yake. Kinga ya kweli ipo kwa nyanya mwitu za Amerika ya Kusini, ambazo vinyweleo vyake hutoa utomvu wa kunata unaowashinda wadudu, na watafiti wangali wanaihamishia kwenye nyanya za kuliwa. Kwa sasa mkulima wa kilimo hai anategemea mitego ya harufu, kuchuma na kufukia majani yaliyoshambuliwa, mwarobaini, na dawa za bakteria wa udongoni ziruhusiwazo. Aina bado ina mchango hapa: nyanya fupi inayomaliza mavuno mapema hukaa shambani muda mfupi kuliko ndefu inayochumwa miezi mitatu, na Kantangaze hupata vizazi vichache vya kujijenga juu yake.

Kwa nini matokeo ya wengine hayatoshi

Mtu anaweza kusema: watafiti wameshapima, tufuate. Tuwaheshimu watafiti, lakini tuulize walipima wapi na kwa chakula gani. Mwaka 2011 watafiti wa ufugaji wa mimea barani Ulaya walikadiria kwamba zaidi ya asilimia 95 ya uzalishaji wa kilimo hai unategemea aina zilizotengenezwa kwa ajili ya kilimo cha pembejeo nyingi za viwandani. Miaka minne kabla yao, watafiti wa Washington State nchini Marekani walikuwa wamepima ngano katika mifumo yote miwili na kuona kwamba, kwa shamba la kilimo hai, aina zilizochaguliwa ndani ya shamba la kilimo hai zilizaa zaidi ya zilizochaguliwa kwenye shamba la kawaida kwa asilimia 5 hadi 31. Bingwa wa shamba moja hakuwa lazima awe bingwa wa lingine.

Sababu iko mizizini. Mbolea ya chumvichumvi huyeyuka leo na mmea ukanywa kesho. Samadi na mboji lazima kwanza viliwe na viumbe vidogo vya udongoni, ndipo naitrojeni itoke, polepole, kwa kutegemea joto na unyevu. Aina iliyozoeshwa kulishwa kwa kijiko, yenye mizizi mifupi na matunda mengi ya mkupuo, hujikuta na njaa wakati ule ule matunda yanapojaa. Aina yenye mizizi ya kutafuta na inayozaa kidogo kidogo huendana vizuri zaidi na sufuria inayochemka taratibu. Uwezo huo hauandikwi kwenye pakiti. Unaonekana kwenye tuta lako tu.

Na namna ya kulima nayo hubadilisha tunda. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, nyanya zilizokaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka kumi kutoka mashamba ya majaribio ya muda mrefu zilipimwa. Zile za kilimo hai zilikuwa na kemikali mbili za kinga za mmea, kwesetini na kemferoli, kwa wastani wa asilimia 79 na 97 zaidi ya zile za kawaida, na watafiti walihusisha tofauti hiyo na ulishaji wa naitrojeni. Mbegu na malezi ni kama mtoto na nyumba: huwezi kumpima mmoja ukaisahau nyingine.

Pima mwenyewe

Jaribio la mkulima halihitaji maabara. Linahitaji haki. Chagua aina tatu au nne: moja unayoilima siku zote, na nyingine za kuishindanisha. Sia siku moja, kitalu kimoja, mboji ile ile. Wakati wa kuhamisha, usiipe aina moja tuta zima la karibu na mfereji na nyingine tuta la juani. Tenga sehemu tatu za shamba, na katika kila sehemu panda miche kumi ya kila aina, ukipiga kura ipi ikae wapi. Aina inayoshinda katika sehemu zote tatu imeshinda kweli. Inayoshinda sehemu moja imependelewa na udongo. Shamba liwe limekaa walau miaka miwili au mitatu bila nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili wala nyanya chungu, kwa sababu hao wote ni ndugu na wanarithishana magonjwa.

Nunua daftari moja. Kila mchumo, pima kilo za nyanya zinazouzika na kilo za masalo, na uandike masalo yalisababishwa na nini: funza, kupasuka, kubabuka kwa jua, kuoza kitako. Hapo ndipo daftari huanza kusema. Kuoza kitako, kwa mfano, huzikumba zaidi nyanya zenye umbo la yai kama Roma, na chanzo chake ni kalsiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu maji hayakuja kwa mpangilio. Ukiona aina moja imeoza vitako na jirani yake haikuoza, umejifunza kwamba hiyo ya kwanza inataka matandazo mazito na umwagiliaji usiorukaruka. Kama huwezi kuyatimiza hayo, iache, hata kama ilikupa matunda mengi.

Mwisho, weka nyanya tano za kila aina mezani kivulini, uhesabu siku hadi ya kwanza ilegee. Kisha zikate na uzionje, wewe na watu wa nyumbani, bila kuambiwa ipi ni ipi. Usilidharau jaribio hili. Mnunuzi wa jumla hulipia ugumu, lakini mteja anayetafuta alama ya Kilimohai anakula kwa ulimi. Akipewa nyanya ngumu isiyo na utamu wala uchachu, hatarudi. Ni hapo Money Maker, pamoja na udhaifu wake wote, hujitetea: kwa aliye karibu na mji, mwenye paa la kukinga mvua na wateja wanaopokea nyanya siku ile ile, bado ina nafasi yake.

Mbegu ibaki nyumbani

Aina ikishinda, na ikiwa ni mbegu ya kawaida, itunze. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mbegu hubaki na asili yake kwa urahisi. Chagua mmea kwanza, tunda baadaye: mmea uliosimama imara pale wenzake waliponyauka. Kamua mbegu na ute wake kwenye chombo, ziache zichachuke siku mbili au tatu, zioshe, zile zinazoelea zimwage, zilizozama zianike kivulini kwenye sahani. Kwa misimu kadhaa ya uchaguzi wa namna hiyo, Tanya ya Mgeta na Tanya ya Ngarenanyuki zitaanza kutofautiana, kila moja ikiegemea kwao.

Vituo vyetu vya utafiti navyo vina deni. Kila aina mpya ya nyanya inapopimwa kabla ya kuidhinishwa, iwepo walau sehemu moja ya jaribio iliyolimwa kwa mboji na bila sumu, na matokeo yake yaandikwe wazi ili mkulima ayasome. Mashirika ya kilimo hai yanayofundisha wakulima kutengeneza mboji na kupulizia mwarobaini, yaliyofanya kazi njema Morogoro na kwingineko, yaongeze somo la kuchagua aina katika siku ya kwanza ya mafunzo, si ya mwisho. Mwarobaini unaopuliziwa juu ya aina isiyofaa ni jasho la bure.

Nawe msomaji mwenye kijishamba, usingoje. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina punje zipatazo 300, na jaribio zima la aina moja linahitaji miche 30.